UZI: Kuwasilisha karatasi za kuwania ubunge Kenya – tarehe, saini, fomu na pale waniaji wanapokwama

#1 MshikaKalenda

Uchaguzi mkuu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Uzi huu ni wa wanaotaka kiti cha Bunge la Kitaifa, yaani eneobunge au Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, na wale wanaotaka Seneti. Ugavana na udiwani wa wadi una mambo yake, naomba tusivichanganye hapa.

Kabla hujachapisha bango hata moja, chukua kalenda. Siku ya kupeleka karatasi kwa msimamizi wa uchaguzi ni siku ya kukaguliwa tu. Yanayokaguliwa yalipaswa kuwa tayari miezi mitatu, minne, hata sita nyuma, na hakuna hakimu atakayekurudishia mwezi uliopita. Fomu iliyokosewa unaweza kuijaza upya jioni hiyo hiyo. Tarehe iliyokupita haijazwi upya.

Hesabu ukirudi nyuma kutoka 10 Agosti 2027:

– Tarehe 10 Februari 2027: mtumishi wa umma awe ameacha kazi. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinataka miezi sita.
– Tarehe 12 Aprili 2027: siku 120 kabla ya kura. Chama kinachosimamisha wagombea kinatakiwa kiwe kimewasilisha orodha ya wanachama wake (kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo). Jina lako lisipokuwa humo, tiketi ya chama hicho ni ndoto.
– Tarehe 10 Mei 2027: anayetaka kuwa mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote tangu miezi mitatu kabla ya kura (Ibara ya 85 ya Katiba). Mimi ningesema toka chamani kufikia Aprili, usicheze na siku ya mwisho.
– Mwishoni mwa Mei au mapema Juni: kusajiliwa kwa wagombea. Tarehe kamili hutolewa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka 2022, kura ikiwa 9 Agosti, usajili ulikuwa kuanzia 29 Mei hadi 7 Juni.

Tarehe hizi nimezihesabu kutoka kwenye sheria jinsi ilivyo. Bunge hupenda kurekebisha sheria za uchaguzi mwaka mmoja kabla ya kura, kwa hiyo ratiba ya IEBC ikitoka, hiyo ndiyo ya kubandika ukutani.

---

#2 Wakili_Kando_ya_Mahakama

Ahsante kwa kuanzisha. Naongeza upande wa nani anaruhusiwa, maana huko nako watu husikiliza porojo za mitaani kuliko Katiba.

Ibara ya 99 ya Katiba ya 2010 inataka mambo matatu. Uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Utimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa na Katiba au sheria. Na uwe umeteuliwa na chama cha kisiasa, au uwe mgombea huru mwenye wapiga kura wa kukuunga mkono: wasiopungua 1,000 wa eneobunge kwa Bunge la Kitaifa, na wasiopungua 2,000 wa kaunti kwa Seneti. Umri ni miaka 18, kwa sababu ndio umri wa kujisajili kupiga kura.

Kisha kuna wasioruhusiwa:
– afisa wa serikali au mtumishi wa umma yeyote asiye mbunge;
– aliyekuwa mwanachama wa IEBC ndani ya miaka mitano kabla ya kura;
– asiyekuwa raia kwa miaka kumi mfululizo kabla ya kura;
– mwanachama wa bunge la kaunti;
– mwenye akili isiyo timamu;
– aliyetangazwa kufilisika na bado hajaondolewa hali hiyo;
– anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi siku ya kusajiliwa au siku ya kura;
– aliyepatikana, kwa mujibu wa sheria, ametumia vibaya ofisi ya umma au amekiuka Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu.

Msome pia fungu la (3) la Ibara hiyo hiyo, maana ndilo linalosahauliwa: mtu hazuiwi mpaka njia zote za rufaa au mapitio ya hukumu hiyo ziwe zimekwisha. Ndiyo sababu unamwona mtu mwenye kesi mahakamani, hata aliyehukumiwa na kukata rufaa, jina lake liko kwenye karatasi ya kura. Msimamizi wa uchaguzi hajapokea hongo hapo, anafuata Katiba. Anayetaka iwe vingine, mlango wake ni kurekebisha Ibara ya 99(3).

Mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kuwania. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inasema akichaguliwa asishike ofisi kabla ya kuukana rasmi uraia ule mwingine. Kuukana kunachukua muda kwenye balozi za watu, kwa hiyo asisubiri matokeo ndipo aanze kuulizia fomu.

---

#3 Chaki_na_Ubao

Wakili, mwalimu aliyeajiriwa na TSC (Tume ya Kuwaajiri Walimu) naye ni mtumishi wa umma? Kuna wanaosema likizo bila malipo inatosha.

---

#4 Wakili_Kando_ya_Mahakama

Ni mtumishi wa umma, mwalimu. Mshahara unatoka kwenye fedha za umma na ofisi ni ya umma. Chifu na naibu wake, muuguzi wa hospitali ya kaunti, mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, karani wa wizara, wote wamo.

Likizo haitoshi, iwe yenye malipo au isiyo na malipo, kwa sababu aliye likizoni bado ameshikilia kazi. Unaandika barua ya kujiuzulu, unaipeleka kwa mwajiri mwenyewe (kwa mwalimu ni Tume, si mwalimu mkuu pekee), na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo nakala ndiyo ushahidi wako siku mpinzani atakapoleta pingamizi. Halafu fuatilia mshahara. Ukikatwa Februari lakini ukaingia tena Machi kwa uzembe wa ofisi ya mishahara, andika barua ya kuurudisha siku hiyo hiyo na uhifadhi risiti. Mshahara wa Machi kwenye akaunti yako ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

Masharti ya notisi kwenye mkataba wako nayo yahesabiwe. Kama mkataba unataka notisi ya mwezi mmoja, barua itoke mapema Januari ili mwisho wa kazi uangukie kabla ya 10 Februari.

Wabunge walio bungeni sasa hawaguswi na sharti hili, Katiba yenyewe imewaondoa.

---

#5 Saini_Elfu

Naomba nizungumzie mgombea huru, kwa sababu hapa ndipo kazi ya mikono ilipo na ndipo makaratasi mengi huharibikia.

Kwanza uanachama. Usidhani hukujiunga na chama kwa kuwa hukulipa ada. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa vyama wasivyovijua. Angalia kwa kupiga *509# au kupitia eCitizen kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ukijikuta humo, jiuzulu kwa maandishi na upate uthibitisho. Chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Vyama vya Kisiasa kujiuzulu kunaanza kazi chama kinapopokea notisi, kwa hiyo unachohitaji ni ushahidi wa *kupokelewa*. Barua uliyotuma na hujui ilifika wapi haikusaidii. Baadaye angalia tena kwenye mfumo wa Msajili kama jina limeondoka kweli. Usipoangalia wewe, ataangalia mpinzani.

Pili alama. Mgombea huru hupeleka alama yake IEBC angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, yaani ya kupeleka karatasi kwa tume (kifungu cha 32 cha Sheria ya Uchaguzi). Tume huikataa ikiwa chafu, ya matusi, au inafanana na ya chama au ya mgombea mwingine. Tayarisha alama tatu kwa mpangilio wa kuipenda, zote zichorwe wazi, nyeusi juu ya nyeupe. Chagua kitu ambacho bibi asiyesoma atakitambua kikiwa kidogo kama kidole gumba. Michoro yenye mapambo mengi ikichapishwa hugeuka doa.

Tatu, saini. Sheria inasema wasiopungua 1,000. Anayepeleka 1,000 kamili atakwama, maana majina ya kuondolewa yakikaguliwa hayawezi kukosekana:

– aliyesaini amejisajili kupiga kura eneobunge la jirani. Hili ndilo kubwa kuliko yote mijini, ambako mtu analala upande huu wa barabara na kura yake iko kijijini;
– nambari ya kitambulisho imeandikwa vibaya, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi;
– mtu mmoja ametokea mara mbili kwa wakusanyaji wawili;
– aliyesaini ni mwanachama wa chama. Waungaji mkono wa mgombea huru nao wasiwe wanachama wa chama chochote;
– hajasajiliwa kabisa, ingawa anaamini amesajiliwa.

Kusanya 1,500 ili ubaki na 1,000 salama. Kwa Seneti kusanya 3,000. Gawa kazi kwa vituo vya kupigia kura: mkusanyaji mmoja kwa kituo kimoja, mtu anayejulikana pale. Afuate majirani zake, asisimame stendi ya matatu kuokota wapita njia. Kila karatasi iwe na kichwa chenye jina lako, kiti na eneobunge, kisha safu za jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, kituo na saini. Karatasi yenye saini tupu isiyo na kichwa inaweza kudaiwa ni ya mahudhurio ya matanga.

Kila jioni ingiza majina kwenye kompyuta. IEBC imekuwa ikitaka orodha kwa namna mbili, iliyochapishwa na faili ya Excel, na mpangilio wa faili uwe ule wa tume. Ukiingiza kila siku unaziona nambari zinazojirudia mapema na unamrudisha mkusanyaji kazini. Ukisubiri wiki ya mwisho, vijana wanne wanaochapa usiku kucha watakuletea makosa mapya juu ya yale ya kalamu.

Na tafadhali, msighushi saini. Jedwali lenye mwandiko mmoja kurasa kumi linaonekana kwa macho. Ni kosa la jinai, na linawachafua hata wale 900 waliosaini kwa mikono yao.

---

#6 Mama_Kaunti

Na anayewania Mwakilishi wa Wanawake bila chama? Nimeona mahali wanasema ni 2,000 kwa sababu ni kaunti nzima.

---

#7 Saini_Elfu

Ni 1,000, mama. Mwakilishi wa Wanawake ni mbunge wa Bunge la Kitaifa, na Ibara ya 97 inasema kila kaunti ni eneobunge moja kwa kiti hicho. Kwa hiyo ni wapiga kura 1,000 kutoka popote ndani ya kaunti. Wale 2,000 ni wa Seneti.

Hilo ni nafuu kubwa: aliyesaini akiwa wa eneobunge lolote la kaunti hiyo anahesabiwa. Hata hivyo ningetawanya saini kaunti nzima, ili asiwepo wa kusema ni orodha ya ukoo mmoja. Karatasi zake zinapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa *kaunti*, pamoja na za maseneta. Za mbunge wa eneobunge zinakwenda kwa msimamizi wa eneobunge.

---

#8 Tiketi_Mkononi

Kwa upande wa vyama, mtu hushinda mchujo wa chama akadhani safari imekwisha.

Chama kinaweza kuteua kwa kura ya wanachama au kwa njia nyingine iliyo kwenye kanuni zake, kama wajumbe au mashauriano. Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2022 njia zote mbili, ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja, zimetajwa kisheria. Kwa hiyo usilalamike baadaye kwamba hukupigiwa kura kama hukusoma kanuni za uteuzi za chama chako. Ziombe kwa maandishi mwanzoni, pamoja na ada za chama. Ada za vyama vikubwa huwa mara nyingi zaidi ya ile ya IEBC, na zinalipwa mapema.

Ukiteuliwa unapewa cheti. Mambo manne ya kuangalia palepale, kabla hujatoka kwenye ofisi za chama:

Jina lako liwe sawa na la kitambulisho, kila herufi. Eneobunge na kaunti viandikwe sawasawa. Sahihi iwe ya afisa ambaye chama kimempeleka IEBC kama mwenye mamlaka ya kuthibitisha wagombea, maana tume ina kielelezo cha sahihi yake. Cheti chenye sahihi ya mwenyekiti wa tawi, hata awe mtu wa heshima kiasi gani, hakitakubaliwa. Na la nne: jina lako liwe kwenye *orodha* ambayo chama kimewasilisha IEBC. Cheti mkononi bila jina kwenye orodha ni karatasi tu.

Hili la orodha ndilo chanzo cha vyeti viwili kwa kiti kimoja. Watu wawili wanafika kwa msimamizi, kila mmoja na cheti cha chama kile kile. Msimamizi haamui nani alishinda mchujo. Anatazama orodha iliyoletwa na chama na amri ya mahakama kama ipo. Kwa hiyo ugomvi wako umalizike kabla ya siku hiyo, na amri uliyopata ifike kwake kwa maandishi, ikiwa na muhuri. Kumwonyesha picha kwenye simu hakutoshi.

Njia ya ugomvi wa chama: kwanza kamati ya chama ya kutatua migogoro, kisha Mahakama ya Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha rufaa Mahakama Kuu. Ukiruka hatua ya kwanza utaulizwa ushahidi kwamba ulijaribu ndani ya chama. Barua iliyopokelewa na kamati, hata kama haikujibiwa, ndiyo ushahidi huo.

Chama kinaweza kukubadilisha? Kwa mujibu wa kifungu cha 13 cha Sheria ya Uchaguzi, kabla ya karatasi kuwasilishwa IEBC kinaweza, kwa sababu zilizotajwa: kifo, kujiuzulu, kutoweza, au kukiuka kanuni za maadili ya uchaguzi, na lazima kikujulishe kwanza. Tume ikishapokea uteuzi, mlango huo unafungwa.

---

#9 Chaki_na_Ubao

Aliyeshindwa mchujo anaweza kuhamia chama kingine au kuwa huru?

---

#10 Tiketi_Mkononi

Chama kingine, kwa kawaida amechelewa: orodha za wanachama zimeshafungwa. Kuwa huru inategemea tarehe tu. Mchujo wa 2022 ulimalizika 22 Aprili, na miezi mitatu kabla ya kura ilikuwa 9 Mei, kwa hiyo kulikuwa na dirisha la wiki mbili na kidogo. Ndani ya dirisha hilo unatakiwa ujiuzulu, upeleke alama na uanze saini 1,000. Inawezekana kwa mwenye watu wa kazi. Kwa aliyeanza kuomboleza wiki nzima haiwezekani.

Mbunge aliye bungeni ajihadhari zaidi. Ibara ya 103 inasema mbunge aliyechaguliwa kwa chama akijiuzulu chama hicho, au akichukuliwa kuwa amejiuzulu, kiti kinakuwa wazi. Akitoka ili awe mgombea huru, anatoka na bungeni pia.

---

#11 MshikaKalenda

Sasa siku yenyewe ya karatasi. IEBC huitisha mkutano wa waniaji kabla ya uteuzi. Nenda. Pale wasimamizi hueleza fomu moja moja, hutoa siku na saa ya kila mwaniaji, na wengine hukubali kukupitia makaratasi kabla ya siku yenyewe. Anayemtuma kijana wa kampeni akachukue tu fomu anakosa ukaguzi wa bure.

Kwenye faili lako weka:

Fomu ya uteuzi ya IEBC, iliyojazwa kamili. Kitambulisho cha taifa au pasipoti, ile ile uliyotumia kujisajili kupiga kura, asili na nakala. Hapa watu hukwama kimyakimya: mtu alijisajili kwa pasipoti, siku ya karatasi analeta kitambulisho, na nambari haimo kwenye sajili. Cheti cha chama, au kwa mgombea huru orodha ya waungaji mkono. Picha za pasipoti za rangi zenye mandhari meupe, za karatasi na za faili, kwa kipimo kilichotangazwa. Tamko la kisheria lililoapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Fomu ya tamko la uadilifu iliyo kwenye Sheria ya Uongozi na Uadilifu. Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zilizotiwa sahihi. Nakala za vyeti vya masomo zilizothibitishwa. Na ada.

Ada kwa mujibu wa kanuni zilizotumika hadi sasa: Bunge la Kitaifa Sh20,000, Seneti Sh50,000. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu. Kijana kwa Katiba yetu ni aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 35. Mwenye ulemavu abebe kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hundi ya benki ndiyo iliyozoeleka. Jina la mlipwaji liandikwe lote kama tume ilivyotangaza, na uichukue benki siku mbili kabla, kwa sababu asubuhi ya uteuzi foleni ya benki ya mji mdogo huwa na waniaji wote wa eneo hilo.

Kuhusu fomu ya uadilifu: kila swali lijibiwe. Palipo "hapana", andika hapana. Kistari au nafasi tupu husomeka kama kukwepa. Ukiulizwa kama umewahi kushtakiwa, na umewahi, sema ndiyo na uambatishe maelezo mafupi na nambari ya kesi. Kesi isiyokwisha haikuzuii, kama wakili alivyoeleza. Uongo kwenye fomu ndio unaoweza kukuzuia.

Tamko la kisheria lina vitu vitatu ambavyo kimoja kikikosekana linarudishwa: sahihi yako, sahihi ya aliyekuapisha, na muhuri wake wenye tarehe. Usilisaini nyumbani. Linasainiwa mbele yake.

Majina tena: kwenye karatasi ya kura hutaandikwa "Mheshimiwa", "Daktari" wala "Mchungaji". Jina la mtaani ambalo watu wanakujua kwalo, kama halimo kwenye kitambulisho, linahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Hiyo haipatikani kwa wiki moja, ianze mwaka mmoja kabla.

Saa za ofisi zimekuwa saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa nane hadi saa kumi jioni. Pikipiki mia moja na ngoma zibaki barabarani. Ndani huingia wachache, na zimejulikana siku ambazo msafara ulifika saa kumi kasoro robo na mwenye faili akawa bado yuko kwenye gari la nyuma. Faili ibebwe na mwaniaji mwenyewe.

---

#12 Mama_Kaunti

Na digrii? Hapa kila mtu ana lake.

---

#13 Wakili_Kando_ya_Mahakama

Kwa rais na gavana, digrii inatakiwa. Kwa mbunge, kifungu cha 22 cha Sheria ya Uchaguzi kiliweka sharti la digrii, lakini mwaka 2022, kabla ya kura, Mahakama Kuu ilisema sharti hilo kwa wabunge linakiuka Katiba. Kwa hiyo usimzuie mtu kwa kunukuu kifungu bila hukumu.

Mwenye cheti asikiache nyumbani hata hivyo. Kama kimetoka chuo cha nje, kipate utambuzi wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mapema. Aliyetaja digrii kwenye fomu ndiye anayeombwa kuithibitisha. Ukiwa huna, usiitaje. Cheti cha kutilia shaka kinaumiza kuliko kukosa cheti, kwa sababu swali linahama kutoka elimu kwenda uaminifu.

Jambo moja la mwanzo nililiruka: Katiba haisemi mbunge awe mpiga kura wa eneobunge lile lile analowania. Awe tu amesajiliwa. Wapinzani hulitumia kutishia wageni, na linatisha asiyeisoma Ibara.

---

#14 Chaki_na_Ubao

Ikitokea msimamizi amekataa karatasi, mtu anafanya nini siku hiyo hiyo?

---

#15 Wakili_Kando_ya_Mahakama

Kwanza omba sababu kwa maandishi. Usiondoke na maneno ya mdomo. Kama ni dosari ya kurekebishika na muda wa uteuzi haujaisha, rekebisha na urudi, ndiyo sababu nawasihi watu waombe siku ya kwanza ya ratiba badala ya ya mwisho.

Kama muda umekwisha au msimamizi ameshikilia, peleka malalamiko kwa Kamati ya IEBC ya Kutatua Mizozo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Uchaguzi kinaipa siku kumi za kuamua kutoka siku malalamiko yalipowasilishwa. Ambatisha sababu ulizopewa, nakala ya kila ulichowasilisha, na hati ya kiapo inayosema ulifika saa ngapi na ulikabidhi nini. Usiporidhika, unakwenda Mahakama Kuu. Huko nenda haraka, maana karatasi za kura zikishachapishwa hata jaji mwenye huruma hufungwa mikono.

Na anayempinga mwenzake afuate njia hiyo hiyo, kabla ya kura. Mahakama ya Juu katika kesi ya Sammy Ndung'u Waity dhidi ya IEBC, mwaka 2019, ilisema mizozo ya uteuzi ipelekwe kwanza kwenye vyombo hivi kabla ya uchaguzi. Aliyejua kasoro, akakaa kimya akingoja kuitumia kwenye kesi ya kupinga matokeo, ataulizwa alikuwa wapi.

---

#16 Mama_Kaunti

Swali la mwisho kutoka kwangu. Viti vya kuteuliwa vina karatasi hizi pia?

---

#17 Tiketi_Mkononi

Njia yake ni nyingine, mama. Ni viti 12 Bunge la Kitaifa, na Seneti wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. Vinatoka kwenye orodha ambayo *chama* hupeleka IEBC angalau siku 45 kabla ya kura, yaani kufikia 26 Juni 2027. Hupeleki wewe. Ulinzi wako ni kuomba chamani kwa maandishi ndani ya muda wa kanuni zake, kisha kuikagua orodha ikichapishwa: jina, nambari ya nafasi na kundi uliloandikwa. Nafasi ya tatu na ya kumi na tatu kwenye orodha ni vitu viwili tofauti kabisa. Lalamiko kuhusu mpangilio linakwenda mapema, kabla viti havijagawanywa.

---

#18 MshikaKalenda

Nimeulizwa faragha mara kadhaa, najibu hapa kwa wote: nakala. Tengeneza mafaili matatu yanayofanana. Moja la msimamizi, moja linagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nawe, moja linakaa kwa wakili wako tangu siku ya kwanza. Kwenye lile lililogongwa muhuri hesabu kurasa mbele ya karani na uandike idadi juu ya jalada. Orodha ya saini iliyoingia na kurasa 75 na kutoka na 70 ni kesi ambayo huwezi kuishinda kama hukuandika 75.

Ratiba rasmi ya IEBC ikichapishwa nitabadilisha tarehe za bandiko la kwanza. Anayejua marekebisho yoyote ya sheria yaliyotiwa sahihi na rais, ayaweke hapa na nambari ya kifungu, si picha ya gazeti.